SciPy na taa yetu ya sola: nyota nne, na ile sini niliyoisahau

Wadau, leo sireview hoteli wala simu. Nareview programu, tena ya bure, inaitwa SciPy (mkusanyo wa zana za hesabu za lugha ya Python), na hasa vifanksheni viwili vilivyo ndani yake, trapezoid na simpson, ambavyo nimekaa navyo miezi kadhaa hapa Arua, Uganda, nikipima taa za sola na bwawa la samaki la shemeji. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitawaambia imeenda wapi, na kusema kweli nusu yake niliila mimi mwenyewe.

Ilianza hivi. Kikundi cha akiba cha akina mama mtaani kwetu walitaka kununua taa za volti 12, thelathini kwa mpigo, na boksi limeandikwa lumeni 1,000. Mweka hazina wao ni mama ambaye shilingi haitoki kwenye sanduku lake mpaka iulizwe babu yake ni nani. Akaniita. "Mwalimu, wewe si una kompyuta? Hebu tuambie hiyo elfu moja ni ya kweli ama ni ya karatasi tu." Mimi nafundisha fizikia sekondari, basi kila mtu akiona waya ananiita mimi. Nikamwambia sawa mama, nipe moja nikae nayo wiki.

Kwa wasiojua, lumeni ni mwanga WOTE unaotoka kwenye taa, mbele, pembeni, nyuma, kila upande. Mita ya luksi, ile kidude cha kushika mkononi, inakwambia mwanga unaoangukia pale tu ulipoiweka. Ukiiweka mbele ya taa ikasoma 150, hiyo ni 150 ya pale pale, pembeni hujui kitu. Kwa hiyo lazima uizunguke taa nzima, uandike namba, halafu ujumlishe. Kujumlisha ndiko kulikonileta kwenye SciPy, lakini ngoja kwanza niwape picha ya hiyo kazi ya kuzunguka maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Seremala wa jirani alinichongea upinde wa mbao, nusu duara, nusu kipenyo mita 1 kamili. Nikatoboa matundu 19, kila digrii 10, kuanzia 0 ambayo ni mbele kabisa ya taa mpaka 180 ambayo ni nyuma kwenye kitako. Taa inakaa katikati, mita inahama tundu kwa tundu, ukimaliza upinde unazungusha taa digrii 30 unaanza upya, mara 12. Piga hesabu, 19 mara 12 ni vipimo 228 kwa taa moja. Mita 1 sikuichagua kwa bahati nasibu, luksi ukiizidisha na umbali mara umbali unapata kandela, yaani ukali wa mwanga kuelekea upande huo, na moja mara moja ni moja, ushapona hesabu moja. Halafu kuna ile desturi ya wapima taa kwamba ukae mbali angalau mara tano ya upana wa taa, yetu ina kama sentimita 6, so hapo hatuna tatizo.

Yote hayo usiku, chumba kimezungushiwa mablanketi meusi maana ukuta mweupe unarudisha mwanga na mita haijui huu ni wa taa ama wa ukuta. Mwezi wa pili. Joto la Arua la mwezi wa pili wenyeji mnalijua, sisemi zaidi. Mpwa wangu anasoma namba, mimi naandika kwenye kaunta buku, mbu nao wanafanya kazi yao. Taa unaiwasha nusu saa kabla ili ipate moto, kwa sababu LED ikipata joto mwanga unapungua kidogo, ukianza mapema nusu ya namba zako ni za taa baridi na nusu za taa moto. Na usiku wa kwanza nilipomaliza nikarudi tundu la kwanza kuhakikisha, kumbe ile 150 imekuwa 138, betri ilikuwa inashuka muda wote sisi tunaandika tu. Vipimo 228 vyote nikavitupa. Mpwa hakunisemesha siku mbili.

Haya, programu sasa.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba haihitaji bando. Nilishusha Python (lugha ya kuandikia programu), NumPy (zana yake ya majedwali ya namba) na SciPy siku moja kwa waifai ya rafiki mjini, nikaweka kwenye laptopu yangu kuukuu yenye RAM ya GB 4, tangu hapo nafanya kazi bila intaneti kabisa, umeme ukikatika betri inanitosha. Kuna huduma za kuandika kodi mtandaoni (kodi hii ya kompyuta, si ile ya URA, watoza ushuru) nazo ni nzuri, ila kwa mtu anayenunua MB kwa siku unaanza kuona kila mstari unaouandika una bei. Hii haina. Na spidi, jamani, vipimo 228 kwake si kitu, ukibonyeza tayari jibu limekaa hapo, ningeweza kumpa laki mbili asishtuke.

Trapezoid inafanya nini? Inachukua nukta zako, inaziunganisha kwa mistari iliyonyooka, kila mbili zinatengeneza kaumbo ka trapezi, inajumlisha maeneo yake, basi. Simpson yeye anachukua nukta tatu tatu anapitisha mkunjo laini, kwa hiyo pale data inapojipinda anakaribia ukweli zaidi. Jina ni la Thomas Simpson, Mwingereza wa miaka ya 1700, lakini Wajerumani mpaka leo wanaiita kanuni ya pipa ya Kepler, na wana haki, maana Kepler yule wa sayari mwaka 1613 alikuwa anaoa, akanunua mvinyo huko Linz, akaona muuzaji anapima pipa kwa kuchomeka fimbo tu kupitia tundu na kusoma ilipofika. Kikamuuma. Mwaka 1615 akatoa kitabu kizima cha ujazo wa mapipa. Mimi hii hadithi naipenda kwa sababu ni mweka hazina wetu mtupu, tofauti ni kwamba yeye hakuandika kitabu, alinituma mimi.

Sasa aibu yangu. Nilipoingiza namba mara ya kwanza nikafanya kama nilivyozoea kwenye grafu za kawaida, upande huu eksi, upande huu wai, nikaintigreti (yaani nikajumlisha vipande vyote) kwenye pembe ya juu chini (theta), nikaintigreti kwenye pembe ya kuzunguka (fai), nikazidisha pale pa kuzidisha, jibu likaja: lumeni 1,301. Nikaruka! Taa imezidi hata lebo! Nikaenda mpaka kwa mama na laptopu mkononi. Alinitazama hivi, akaendelea kuchambua simsim yake, akasema, "Mwalimu, tangu uzaliwe umeshaona muuzaji anayekupa zaidi ya ulicholipia?"

Nikarudi nyumbani.

Tatizo lilikuwa hili, na hapa ndipo naomba msome polepole kidogo kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi. Chukua chungwa. Wale vijana wa barabarani wanaomenya machungwa kwa kisu kuzunguka zunguka, hebu tazama lile ganda. Pete ya juu karibu na kikonyo ni fupi, kidole kimoja inaisha. Pete ya tumboni ni ndefu, inazunguka chungwa zima. Lakini zote mbili zina upana ule ule wa kisu. Sasa vipimo vyangu ndivyo vilivyokaa, kila digrii 10 ni pete moja ya chungwa, na mimi nilizihesabu pete zote sawa, ya kikonyo na ya tumbo. Kumbe urefu wa pete unafuata sini ya pembe, pale mbele kabisa sini ni sifuri, kwenye digrii 90 ni moja kamili. Kwa hiyo kila kipimo lazima kizidishwe na sini ya theta yake kabla hujajumlisha. Na tazama uchungu wake, ile namba niliyokuwa najivunia, 150 ya mbele kabisa ambapo taa inang'aa mpaka macho yanalia, inazidishwa na sifuri, haihesabiki! Mwanga mwingi wa taa hii uko kwenye pete za digrii 40 mpaka 70, pembeni huko, ambako mimi nilikuwa naona vijinamba vya kawaida tu. Mimi nilizipa pete za mbele uzito ambao hazina, ndio maana nikapata 1,301.

SciPy ilinionya? Wala. Hiyo ndiyo nusu ya nyota ninayoikata, na hiyo nusu nyingine ni yangu kwa sababu mwalimu wa fizikia hakupaswa kuambiwa. Trapezoid haijui kama namba zako zimetoka kwenye karatasi ya mraba, kwenye duara ama kwenye tufe. Yenyewe inajua orodha mbili tu. Ni kama mizani ya sokoni, ukiweka gunia na jiwe ndani mizani itakusomea kilo, haifungui gunia.

Basi nikatia sini, nikaendesha tena, nikapata 720 hivi. Nikashuku. Na sasa hivi sikukimbilia kwa mama, nilishajifunza. Nikafanya kitu ambacho ningeshauri kila mtu akifanye KABLA ya kuingiza data yake: nikaijaribu na kitu ninachojua jibu lake. Wauza nyama wana jiwe la kilo moja la kujaribia mizani, sisi nasi tuna letu. Kama taa ingetoa kandela 1 kila upande sawasawa, jumla lazima iwe 4 mara pai, yaani 12.566. Nikajaza vipimo vyote moja, moja, moja, nikabonyeza. 11.49. Ehee.

Imepungua kama sehemu moja ya kumi na mbili. Na mimi nilizungusha taa mara ngapi? Mara 12. Nikakaa nacho hiki kitu, nikanywa chai, ikanijia. Nilipima 0, 30, 60 mpaka 330 nikaacha, kwa sababu 360 ni kule kule kwenye 0, nani atapima mara mbili? Mimi najua 360 ni 0. Trapezoid haijui. Yenyewe inaona orodha inaishia 330, inajumlisha mpaka 330 inafunga duka, kipande cha kutoka 330 kurudi nyumbani kimebaki nje. Dawa yake ni kunakili safu ya kwanza ukaibandika mwishoni kama safu ya 360. Nikafanya hivyo, lile jaribio la moja moja likanipa 12.53 kwa trapezoid na 12.566 kwa simpson. Hapo ndipo nilipoiamini.

Kodi yenyewe, kwa wanaotaka kunakili, ni mistari michache tu. vipimo ni jedwali la mistari 19 na safu 12:

import numpy as np
from scipy.integrate import trapezoid, simpson
theta = np.deg2rad(np.arange(0, 181, 10))
fai = np.deg2rad(np.arange(0, 361, 30))
vipimo = np.column_stack([vipimo, vipimo[:, 0]])
pete = trapezoid(vipimo, fai, axis=1)
lumeni = simpson(pete * np.sin(theta), x=theta)

Kama umepima kwa mita 2 badala ya 1, mwishoni zidisha na 4. Ile deg2rad usiiruke hata kama una haraka, hesabu hizi zinataka radiani. Mwanafunzi wangu mmoja sini aliipata sawasawa, ila pembe za kujumlishia akaziacha zote mbili kwenye digrii, akapata lumeni milioni mbili na nusu na ushee, taa ya kuangaza kuanzia hapa mpaka Nebbi. Tulicheka, lakini ukweli ni kwamba kosa la aina hiyo ni rafiki, linajitangaza lenyewe. Linalokuua ni lile la 720, limevaa vizuri, linafanana na jibu.

Jibu halisi sasa. Trapezoid 785, simpson 788. Kuna njia ya tatu niliyoipenda zaidi, badala ya kuzidisha na sini unaipa trapezoid kosaini ya theta ndiyo iwe eksi, sini inajificha humo ndani yenyewe, na lile jaribio la moja moja linatoka sawasawa bila kupungua hata kidogo. Hiyo nayo ilinipa 788. Ila mara ya kwanza ilisema HASI 788, taa inayonyonya mwanga, kwa sababu kosaini inashuka kutoka 1 kwenda hasi 1 na fanksheni inafuata mwelekeo uliopewa. Unaweka alama ya kutoa mbele, yameisha.

Na kabla hamjaanza kubishana hapo chini kuhusu 785 na 788 ipi ni ya kweli: mita yangu ya luksi karatasi yake inasema inaweza kukosea asilimia 4. Asilimia 4 ya 788 ni kama 32. Kwa hiyo ninachoweza kusema kwa moyo mweupe ni kwamba taa iko kati ya 756 na 820, hiyo tofauti ya 3 haina maana, chagua unayoipenda. Watu wanakesha wakitafuta kanuni kali zaidi ya kujumlisha wakati namba zenyewe zimepimwa kwa kidude cha bei rahisi na mtoto mwenye usingizi.

Kuzunguka duara trapezoid haina haja ya kubadilishwa hata kidogo, ndio maana kwenye fai nimeiacha. Kwa kitu kinachozunguka na kurudi kilipoanzia, nukta zikiwa na nafasi sawa, ile trapezi ya kijinga inakuwa sahihi ajabu, makosa ya kupanda na ya kushuka yanafutana. Simpson hapo hakuongezei kitu, anaweza hata kukuharibia. Nilikuja kulijua baadaye na lilinifurahisha kuliko mshahara.

Malalamiko sasa. La kwanza, majina. Nilijifunzia kwenye noti za zamani ambako zilikuwa zinaitwa trapz na simps. Nikaandika hivyo, programu ikaniambia hakuna kitu kama hicho. Kumbe SciPy walishaleta majina marefu zamani, halafu toleo la 1.14 la mwaka 2024 wakayafuta kabisa yale mafupi, na NumPy 2.0 ya mwaka huo huo nao wakaanza kumsukuma trapz wao mlangoni. Sababu wanazo, sawa, lakini sisi tunaotumia pidiefu zilizopita mikono saba tunakuja kugundua saa nne usiku. La pili, simpson kwenye baadhi ya matoleo lazima uandike x= kabla ya eksi zako, trapezoid yeye hajali. Mapacha wa nyumba moja, huyu ukimwita kwa jina moja anaitika, huyu lazima na la ukoo. La tatu, na hili ni la hatari, wai inakuja kwanza halafu eksi. Kichwa cha mtu wa kawaida kinaanza na eksi. Ukigeuza, trapezoid inakubali tu inakupa namba. Vilevile ukiwa na pembe ambazo hazikupangwa, mfano 0, 20, 10, 30, inatembea hivyo hivyo mbele nyuma mbele na haisemi kitu. Na kipimo kimoja kikikosekana ukaacha NaN (alama ya kwamba hapa hakuna namba), jibu zima linakuwa NaN, ila hapo siwalaumu, bora hivyo kuliko kunidanganya.

Maelezo yao yako kwa Kizungu na yameandikwa vizuri, ila mifano mingi ni ya mstari mnyoofu. Mfano mmoja tu wa duara wenye ile r na ile sini ungeniokolea safari moja ya kwenda kuaibika kwa mama.

Ah, na tusichanganye, ndani ya SciPy kuna pia quad na dblquad. Hizo zinataka kanuni, yaani fanksheni ambayo inaweza kuulizwa thamani popote inapotaka. Sisi hatuna kanuni, tuna kaunta buku. Watu wengi wanaanzia dblquad kwa sababu jina linasikika kubwa, halafu wanahangaika kulazimisha vipimo vyao vigeuke kanuni. Mkiwa na namba za kupima, anzieni kwenye hizi mbili ndogo.

Bwawa la shemeji kwa kifupi, liko upande wa Koboko, duara, nusu kipenyo mita 6. Alitaka kujua linachukua maji kiasi gani ili ajue pampu ya kukodi itafanya kazi saa ngapi. Tukaingia na mti uliotiwa alama, tukapima kina kila mita kuanzia katikati: 1.8, 1.8, 1.7, 1.5, 1.2, 0.7, na ukingoni 0. Yeye alikuwa ameshachukua wastani wa hivyo vina saba akazidisha na eneo, akapata kama mita za ujazo 141. Hesabu ya watu wengi hiyo, na inaonekana haina kosa. Lakini ni chungwa lile lile, kile kina cha katikati kinawakilisha kaduara kadogo, na kile cha mita 5 kinawakilisha pete ndefu ya maji inayozunguka bwawa lote, huwezi kuvipa kura sawa. Kwenye duara huzidishi na sini, unazidisha na r, umbali kutoka katikati, halafu mara 2 pai. Trapezoid ikatoa 113. Pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa, hapo ni tofauti ya karibu saa tatu za mafuta, na shemeji mafuta ananunua yeye. Hii unaweza kuifanya hata kwa Excel ama kalamu, nukta saba tu, sitawadanganya kwamba mnahitaji SciPy. Kwa vipimo 228 ndipo utaona kalamu inavyochoka.

Ukisahau ile r kabisa bwawa linakuwa 49, na hapo kuna njia nyingine ya kujikamata: tazama vipimo vyako. Kina ni mita, hatua ni mita, mita mara mita ni mita za mraba. Ujazo uko wapi? Mita moja imepotea, na hiyo iliyopotea ndiyo r. Kwenye taa ujanja huu haufanyi kazi kwa sababu sini haina kipimo, ndio maana kule lazima lile jaribio la moja moja.

Nimejaribu pia Octave, ya bure nayo, huko trapz bado ina jina lake la utotoni, na inapokea eksi kwanza kama binadamu. Kama shule yako ina noti za MATLAB, programu ya kulipia inayofanana nayo, itakufaa. Mimi nimebaki na SciPy kwa sababu grafu na kusoma faili vyote viko karibu, na kwa sababu axis yake, ukishaielewa, unaintigreti jedwali zima upande unaoutaka kwa mstari mmoja. Kuielewa kwenyewe ndiyo kazi, mara mbili nimejumlisha upande usio wake. Ushauri wangu, fanya mistari na safu ziwe na idadi tofauti, kama hizi 19 na 13, ili ukikosea ikugomee.

Nilipompelekea mama zile 788 safari hii nilikwenda na karatasi, nimeandika na ile 756 na 820. Akauliza maswali mawili tu, kama nimepima taa moja ama zaidi (nikasema moja, akasema pima na ya pili, nikapima, 781), na kama elfu moja ya boksi ingeweza kutokea kwa bahati. Nikasema hapana mama. Akavaa leso yake akaenda mwenyewe dukani. Bei ilikuwa shilingi 26,000 kwa taa. Akamwambia muuzaji, mwanangu, mwanga uliopo ni 788, mimi nalipia 788, na akampigia hesabu pale pale kwenye simu, 20,488. Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini. Wakaachana kwenye 22,000, taa thelathini, na waya wa bure.

Sasa habari imezagaa. Jana nimerudi kutoka shule nimekuta maboksi matatu mezani kwangu kutoka vikundi vingine, moja limeandikwa lumeni 3,000, taa yenyewe ndogo kuliko ngumi yangu. Upinde bado upo. Mpwa alipoyaona tu maboksi akakumbuka ana mtihani.